Kibuyu Kilichonivunja Moyo

Kila mkija kunitembelea, nyinyi mnaosoma miswada siku hizi, mnaniuliza swali moja: katika vitabu vyote vilivyopita mikononi mwangu, ni kipi nilichokipenda zaidi? Naona mnatarajia nitaje kitabu kikubwa, chenye sifa. Leo nitawajibu kwa njia nyingine. Nitawaeleza habari za kitabu kilichonivunja moyo. Ilikuwa hadithi ya maajabu, ya vijana, iliyoanza vizuri hadi nikaunguza chakula, kisha ikaniacha na hasira. Kama nimewahi kuifanya kazi hii vizuri, ni kwa sababu ya kitabu hicho, na mpaka leo nakishukuru.

Ilikuwa Nakuru, miaka ya hamsini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, na baba yangu, fundi wa reli, alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote wa landi, yale makao ya wafanyakazi wa reli, kwamba mwanawe ataingia ofisi ya serikali na kuvaa tai. Sikuingia. Siku ya mahojiano niliwauliza wale mabwana maswali mengi kuliko waliyoniuliza wao, wakanishukuru kwa kuja. Tabia hiyo nilikuwa nayo tangu utotoni. Nilipata kumuuliza mchungaji wetu jinsi nabii Yona alivyovuta pumzi mle ndani ya samaki, na tangu siku hiyo sikupewa tena zamu ya kuongoza sala. Chuo hakikuniponya ugonjwa huo. Kiliniongezea maneno marefu ya kuulizia tu.

Aliyenichukua ni Bwana Pinto, Mgoa, asili yake Goa kule India, mwenye kiwanda kidogo cha chapa karibu na stesheni. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mkono mmoja. Alichapa lebo za asali, kadi za arusi, nyimbo za kanisa na matangazo ya minada ya ng'ombe. Alikuwa ameona kwamba watoto wengi walikuwa wakijifunza kusoma, na wakishamaliza kitabu cha shule hawana kingine cha kusoma. Akatangaza kwamba anatafuta hadithi za Kiswahili. Zikaja nyingi kuliko alivyofikiri, ndipo akanitafuta.

"Wewe nasoma, halafu wewe naniambia kweli," aliniambia siku ya kwanza. "Watu ya kuniambia uongo mimi iko nao mingi."

Sikujua kusoma. Hapo msicheke. Nilijua kusoma kitabu kilichokwisha kuchapwa, kitabu ambacho watu wengine wamekikubali kabla yangu. Mswada ni kitu kingine. Hakuna aliyekuambia ni mzuri, wala hakuna aliyekuambia ni mbaya. Uko peke yako nao, na mwandishi anangoja. Mwezi wa kwanza nilipewa hadithi za sungura. Nikachukua penseli nyekundu, na pembeni mwa ukurasa wa pili nikaandika: "Sungura hazungumzi." Niliandika hivyo mara nyingi, kila sungura alipofungua mdomo.

Bwana Pinto aliniita, akanionyesha lebo ya asali iliyokuwa imetoka mashineni, bado wino haujakauka. Ilikuwa na picha ya nyuki.

"Huyu nyuki navaa aproni," akasema. "Iko mtu alirudisha asali?"

Basi nikajifunza kuacha kuuliza kama jambo linawezekana. Nikaanza kuuliza kama mwandishi mwenyewe analiamini, na kama ataendelea kuliamini mpaka mwisho. Swali hilo la pili ndilo linalotosha, na ndilo gumu.

Kabla sijafika kwenye kitabu chenyewe, sharti niwaambie habari za herufi, maana nyinyi mnaandika kwenye kompyuta na hamjui dhiki ya kuishiwa na herufi. Wakati ule kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, na mpanga herufi aliviokota kimoja kimoja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba vidogo vidogo. Masanduku yale yalitoka Ulaya, yamepimwa kwa Kiingereza. Yalikuwa na herufi chungu nzima tusizozihitaji, na zile tunazozihitaji zilikuwa chache. Kiswahili kinakula k na w na a kama mbuzi aliyefunguliwa shambani. Mpanga herufi wetu, Odhiambo, mtu mrefu aliyekuwa akipiga mluzi siku nzima, ukimsikia amenyamaza ujue k zimeisha. Ikawa desturi kwamba tukichapa kurasa chache, anazifungua, anarudisha herufi kwenye vyumba vyake, ndipo anaendelea na kurasa nyingine.

Sasa kitabu. Kililetwa na dereva wa lori la mbao kutoka Elburgon: madaftari manne ya shule yamefungwa kwa kamba ya mkonge, na juu yake jina la mtu, Mwalimu Mbugua, na jina la hadithi, *Chini ya Moshi*. Nilikipeleka nyumbani Jumamosi, nikabandika maharagwe jikoni, nikafungua daftari la kwanza nikisubiri yachemke.

Ilikuwa hadithi ya msichana aitwaye Nyambura, anayekaa na wazazi wake ukingoni mwa lile shimo kubwa la Menengai. Nyinyi mnalijua, na mnajua moshi ule unaotoka kwenye mawe asubuhi. Siku hizi mnasikia wahandisi wakisema ni mvuke, na kule Olkaria wameufanya umeme. Sisi tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni moto wa wapikao chini. Baba yake Nyambura anashuka shimoni kutafuta mzinga wake wa nyuki, moshi unamfunika, harudi. Watu wanangoja, wanalia, kisha wanaendelea na maisha yao. Nyambura hawezi. Anashuka peke yake akimwita baba yake, na chini ya moshi anaikuta nchi nzima ya watu wasio na vivuli, na mlangoni pa nchi hiyo analala fisi mwenye vichwa viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kukesha.

Nilisikia harufu ya kuungua nikadhani ni ya shimoni. Nilipokumbuka maharagwe, sufuria ilikuwa nyeusi. Nikala mkate mkavu, nikafungua daftari la pili.

Hiyo ndiyo njia ninayowafundisha mpaka leo. Mara ya kwanza msomapo mswada, msishike penseli. Jiangalieni wenyewe. Mahali uliposahau chakula, mwandishi alikuwa anafanya kazi yake. Mahali ulipoinuka kwenda kunywa maji wala huna kiu, hapo pana tatizo. Andika ukurasa huo tu.

Mimi niliinuka kwenda kunywa maji katika daftari la tatu. Bibi mmoja anatokea nyuma ya jiwe, hatujui ametoka wapi, na anampa Nyambura kibuyu. Akikitikisa, shida inaondoka. Anafika kwenye mto wa moto, anatikisa, mto unapoa. Anafungiwa pangoni, anatikisa, pango linafunguka. Yule fisi wa vichwa viwili, niliyekuwa nikimwogopa tangu mwanzo, anatikisiwa kibuyu na vichwa vyote viwili vinalala fofofo. Nyambura hakuwa na haja tena ya kufikiri wala kuogopa, na mimi pia. Nikaanza kunywa maji kila ukurasa.

Hata hivyo niliendelea, kwa sababu nilitaka kumwona baba yake. Nikamwona katika nusu ya ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameketi juu ya jiwe. Nyambura akatikisa kibuyu, wakajikuta nyumbani, wakaishi kwa raha. Basi. Baba hakusema neno hata moja.

Nilidhani daftari moja limepotea. Jumatatu nilikwenda kumtafuta dereva wa lori, nikamwuliza kama hakudondosha kitu njiani. Aliapa kwamba alikalia kifurushi kile mwenyewe kutoka Elburgon hadi Nakuru. Ndipo hasira ikanipanda. Mnaijua hasira ile? Kitabu kibaya hakiudhi, unakifunga ukakisahau. Kinachoudhi ni kile kilichokuonyesha kwamba kinaweza. Nilikuwa nimeshuka shimoni na msichana yule, nimeogopa naye, na mwandishi ametuacha chini, yeye amepanda peke yake.

Niliandika ripoti yangu kwa ukali wote wa mtu aliyemaliza chuo juzi. Bwana Pinto aliisoma mara mbili. Akaniuliza mwanzo ulikuwaje. Nikasema sijapata kusoma mwanzo mzuri kama ule. Akauliza mwisho ulikuwaje. Nikasema mwandishi ametufikisha mlangoni kisha akakimbia.

"Basi peleka," akasema.

Hii ndiyo desturi niliyotaka mwijue, kwa sababu siku hizi mnakataa kitabu cha mtu kwa mistari miwili kwenye simu. Bwana Pinto hakurudisha mswada kwa posta. Kama msomaji wake hakuupenda, msomaji huyo huyo aliupeleka kwa mkono hadi nyumbani kwa mwandishi, akakaribishwa, akanywa chai yake, na baada ya chai ndipo akasema lililomleta. Kama huwezi kulisema mbele ya mtu aliyekupa chai, alisema, labda si kweli, au hujalielewa bado.

Kulikuwa na jambo jingine. Karatasi ya kitabu kimoja tu ndiyo iliyokuwa imefika, na kitabu hicho kilipaswa kuwa tayari shule zikifunguliwa. Nyuma ya Nyambura kulikuwa na kitabu cha kufuga kuku kinangoja, kimekamilika, hakina ubaya wowote.

Nilipanda treni Jumapili. Elburgon ilikuwa baridi na matope na harufu ya mbao mbichi. Niliulizia nyumba ya Mwalimu Mbugua, nikaonyeshwa safu ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Alikuwa mtu mwembamba, mvi mapema, viganja vimechanika. Kwa kweli hakuwa mwalimu tena. Alikuwa amekamatwa Hali ya Hatari ilipotangazwa, wakati wa vita vya Mau Mau, akazungushwa kambi baada ya kambi kwa miaka, na alipoachiliwa hawakumrudishia darasa. Sasa alipanga mbao. Ila kila aliyepita mlangoni alimwita Mwalimu, naye aliitika kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeazimwa koti.

Mkewe, Mama Wambui, ambaye miaka yote hiyo alibaki akichuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, alitupa chai na viazi vya kuchoma. Binti yao Wambui, msichana wa miaka kumi hivi, alikaa kizingitini akimenya viazi vingine. Nilikunywa chai. Nikaongezewa, nikanywa. Nikaanza kuusifu mwanzo wa hadithi, moshi, fisi, watu wasio na vivuli. Mwalimu alinisikiliza kwa muda kisha akaweka kikombe chini.

"Kijana, umepanda treni kutoka Nakuru kuja kunisifu?"

Nikasema hapana. Nikamweleza habari za kibuyu. Nilisema kwamba tangu kibuyu kilipoingia nilikuwa najua kila jambo litaishaje, na kwamba nilipofika mwisho nilihisi nimenyang'anywa kitu.

Hakupenda. Alisema ni hadithi ya maajabu, na ajabu ni ajabu, haliombi ruhusa. Akaniuliza, mtoto wa watu yuko chini ya ardhi peke yake, nilitaka asaidiwe na nani? Na polisi? Mama Wambui akacheka hadi chai ikamwagika. Mimi nikajaribu kueleza tena, kwa maneno ya chuoni safari hii, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyopotea. Niliona anavyofunga uso. Nilijua pia anachokipigania. Alikuwa ameniambia tulipokuwa tukisubiri chai kwamba kwa miaka mingi jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na kwenye faili tu, na kwamba angependa alione mara moja juu ya kitu alichokitengeneza mwenyewe. Nami nilikuwa nimekuja kumwambia hataliona.

Wambui akasema kutoka kizingitini, bila kuinua kichwa.

"Hata mimi sikupenda mwisho wake, Baba."

Mwalimu akageuka. Akamwuliza mbona hakusema siku zile alipokuwa akimsimulia. Wambui akajibu kwamba hakuulizwa. Kisha akaweka kisu chini na kusema yote kwa mfululizo, kama mtu aliyekuwa akiyapanga kwa muda mrefu.

"Kile kibuyu mimi ningekivunja. Kinamfanya Nyambura mjinga. Na baba yake je? Ametafutwa daftari zote hizo, akipatikana anafuata nyuma tu kama kondoo. Haulizi kitu. Hasemi kitu. Nyambura angejuaje kama ni yeye?"

Nilisikia msumeno wa mtu mmoja mbali akifanya kazi Jumapili. Mama Wambui alikuwa akifuta chai iliyomwagika, na hakuacha kufuta.

"Si hata huyu wetu alirudi hivyo hivyo," akasema.

Mwalimu alisimama, akasema atanisindikiza stesheni, ijapokuwa treni ilikuwa bado sana. Tulitembea hadi tulipoanza kuziona reli. Ndipo akanieleza, akiangalia mbele. Alipochukuliwa, Wambui alikuwa mdogo, anabebwa. Kambini alikuwa akiyatunga maneno atakayomwambia siku ya kurudi, anayatunga na kuyabadilisha, mwaka hata mwaka. Siku ilipofika alimkuta msichana anayempikia mama yake. Msichana huyo alimsalimu kwa adabu, akamletea kiti, akamwuliza kama ametoka mbali. Maneno yote yakamwisha. Wiki nyingi zilipita wakiombana chumvi tu. Hatimaye jioni moja alianza kusimulia habari za msichana aliyeshuka shimoni, kwa sababu hiyo aliweza kuisimulia bila kumtazama mtu. Ikawa kila jioni, na Wambui akawa anasogeza kiti. Lakini alipofika pale baba anapoonekana, aliona afadhali wafike nyumbani haraka.

Hapa ndipo wengi wenu mngeharibu, kwa wema. Mngemwambia cha kuandika. Nilitamani sana kumwambia. Nilikuwa na hotuba nzima ya yule baba kichwani, na ilikuwa nzuri. Nilinyamaza kwa bahati, kwa sababu treni ilipiga honi. Kazi yetu ni kumwonyesha mwandishi mahali tulipopotea. Njia anaijua yeye. Nilimrudishia madaftari yake na kumwambia tu kwamba karatasi ingekuwepo mpaka wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa.

"Na nikishindwa?" akauliza.

"Tutachapa kitabu cha kuku."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akanitolea daftari la kwanza na la pili, akasema hayo niende nayo, hayo hayana ugonjwa.

Kwa hiyo tulianza kupanga kabla ya kujua mwisho. Lilikuwa wazo la Odhiambo, aliyesoma daftari la kwanza amesimama na akakataa kulirudisha. Bwana Pinto alikubali apange, ila akakataza kuchapa hata ukurasa mmoja. Karatasi haitaguswa, alisema, mpaka baba wa mtoto atakapofungua mdomo. Mnaona balaa iliyofuata. Kurasa zilizopangwa bila kuchapwa haziwezi kufunguliwa, na herufi zake haziwezi kutumika kwingine. Odhiambo alipofika katikati ya daftari la pili, mluzi ukakoma. Yule fisi alikuwa anaitwa Kikwakwari.

"Msomi," akaniambia, maana hilo ndilo jina alilonipa, "mwandishi wako ana ugomvi gani na mimi? Huyu mnyama hawezi kuitwa Juma?"

Wiki hiyo ikaja kadi ya arusi ya bwana mmoja wa Olenguruone aitwaye Kipkoech. Odhiambo alipekua kiwanda kizima. Mwishowe alizipata k kwenye sanduku la herufi za mapambo, zenye mikia, na jina la bwana arusi likatoka kama limevaa viatu vya mtu mwingine. Bwana arusi alifurahi, akadhani ni heshima. Lakini lebo zilirundikana, watu wa mnada wakaja kupiga kelele, na Bwana Pinto akawa anatembea huku na huku.

"Herufi yangu yote iko ndani ya shimo pamoja na yule msichana," alisema. "Ijumaa yeye hapana toka, mimi navunja kurasa, nachapa kuku."

Ningependa kuwaambia kwamba kitabu kile hatimaye kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa kizuri mahali pengi. Sura ya sita ilibaki nzito, mtu anatembea na kutembea, na hakuna nilichoweza kufanya. Kiliuzwa polepole, shule moja moja. Baadaye nimesoma miswada mingi ya maajabu, ya mazimwi na pete na falme za chini ya maji, na mingi imeniangusha vile vile, mahali pale pale, pale mwandishi anapokiona kile hasa alichokuja kukitafuta akageuza uso. Siku hizi nikikutana na hilo sikasiriki. Najiuliza ni nini anachokiogopa pale, na karibu kila mara ndipo ulipo utamu wa kitabu. Hilo nilipewa na watu wanne: Mgoa aliyeninywesha chai ya watu, mpanga herufi aliyekubali kubaki bila k, mwalimu aliyekubali kuambiwa, na msichana aliyekuwa akimenya viazi. Chuo sikidharau, kilinifunza kuuliza. Hao walinifunza ninamuuliza nani, na kwa nini.

Ijumaa ilifika. Mwalimu Mbugua alihitaji kibali kusafiri hadi Nakuru, na hatukujua kama atapewa. Saa za asubuhi zikapita. Odhiambo alikuwa amekwisha kuchukua nyundo yake ndogo ya kufungulia kurasa, anaizungushazungusha mkononi bila kumtazama mtu, walipoingia wawili, Mwalimu na Wambui, na vumbi la mbao la lori lililowaleta bado liko kwenye nguo zao. Madaftari yalikuwa mawili mapya. Mwalimu hakungoja salamu, alimpa Odhiambo moja kwa moja, na Odhiambo, kwa k alizopata kwa kufungua herufi za mabango ya mnada, akaanza na sura ya mwisho ili Bwana Pinto aione kwanza.

Prufu, ile karatasi ya majaribio ya kutafutia makosa, ilipotoka ilipaswa kusomwa kwa namna ya siku zile: mtu mmoja anasoma mswada kwa sauti, mwingine anafuata kwenye prufu kwa kidole na kutia alama. Kusoma kwa sauti ilikuwa kazi yangu, lakini mwandiko wa kurasa zile za mwisho ulikuwa wa haraka, umefutwafutwa, nikakwama mstari wa pili. Wambui akasema yeye ameuzoea. Akapewa daftari. Mwalimu akaketi mbele yake na prufu, kidole juu ya neno la kwanza.

Akasoma. Nyambura anafika kwenye mto wa moto na kibuyu mkononi. Anakiangalia. Anakipiga juu ya jiwe, kinapasuka, na ndani yake hamna kitu. Mto anaupita kwa kuzunguka, siku nzima, miguu inaungua. Anampita fisi akinyata kwa hofu, kichwa cha kukesha kinamtazama hadi mwisho. Bwana Pinto alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Halafu Nyambura anamwona mtu ameketi juu ya jiwe, amempa mgongo, na anamwita. Mtu huyo hageuki. Anamwita tena. Na mtu huyo anasema:

"Nilikusikia tangu siku uliyoanza kuniita. Niliona haya kuitika."

Wambui alisoma maneno hayo kama alivyosoma mengine, bila kupunguza mwendo, hadi kwenye nukta. Chini yake kulikuwa na jibu la Nyambura. Lilikuwa refu, niliona kwenye prufu, aya nzima, na nina hakika lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Tulimngoja alisome. Hakulisoma. Aliinua macho kutoka kwenye daftari, akamtazama baba yake.

"Sasa si umeitika," akasema.

Mwalimu alibaki na kidole juu ya prufu. Baadaye akaomba penseli, nikampa. Alipiga mstari juu ya aya ile yote, kutoka juu hadi chini, akageuza karatasi upande, akainama. Kisha akamwomba bintiye arudie maneno yake, polepole, apate kuandika.